MALEZI YA MTOTO KATIKA NCHI YA WENGINE

 

Imepokewa katika khabari za Imamu Jabir bin Zayd, mzaliwa wa Firq karibu na Nizwa, mwanafunzi wa Ibn Abbas na mkaazi wa Basra, kwamba alipita penye bustani ya watu, na mbwa wakamjia. Akachomoa tete moja katika uzio wa bustani ile, akawafukuzia mbwa mpaka akafika kwake. Alipoingia nyumbani aliwausia watu wake walihifadhi tete lile, kwani halikuwa lake. Wakastaajabu: tete moja lina thamani gani hata mtu mfano wa Abu Shaathaa alishughulikie? Akawajibu kuwa lau kila apitaye hapo angelichomoa tete moja, uzio ule usingelibaki. Kulipokucha akalirejesha.

Wanachuoni huitaja khabari hii katika mlango wa uchaji Mungu, na hapo ndipo mahala pake. Lakini mzazi akiitazama kwa makini ataona ndani yake mambo mawili yanayohusu malezi. La kwanza ni kuwa Basra ya zama zile ilikuwa chini ya utawala wa Hajjaj bin Yusuf, ambao Imamu Jabir na wenzake waliuhesabu kuwa ni wa dhulma; na hata hivyo hakusema kuwa mali za mji ule ni halali kwa kila mwenye mkono. Hakuuliza mwenye bustani ni wa rai gani. La pili ni kuwa waliolisikia jibu lake walikuwa watu wa nyumbani kwake. Somo halikutolewa juu ya mimbari. Lilitolewa mlangoni, na tete likiwa bado mkononi.

Somo hili linazihitajia sana familia za Ghuba zisemazo Kiswahili, ambazo nyingi zina asili ya Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, na ambazo riziki au elimu imezipeleka Texas. Njia zinazowafikisha huko zinajulikana. Houston ni mji wa mafuta, na shirika la Occidental, ambalo limechimba mafuta Oman kwa miaka mingi, lina makao yake makuu hapo tangu 2014. Mji huo una pia mkusanyiko mkubwa wa mahospitali uitwao Texas Medical Center, unaofuatwa na wagonjwa kutoka kila nchi. Kaskazini yake, kwa mwendo wa saa nne hivi kwa gari, iko miji ya Dallas na Fort Worth, na baina yao Arlington na Irving, yenye vyuo vikuu na makampuni. Baba hufika kwa masomo ya miaka minne, mama na watoto wakamfuata, na mtoto aliyezoea kusikia adhana kutoka dirisha la chumba chake Muscat au Doha akajikuta katika darasa ambalo pengine yeye peke yake ndiye aliyefunga Ramadhani. Wakati mwengine husikia nyuma yake Kiswahili ambacho si cha nyumbani kwao. Hao ni watoto wa Kongo ya mashariki, waliokimbia vita, na ambao wamepewa makaazi kwa wingi Houston, Dallas na Fort Worth. Wengi wao ni Wakristo, na Kiswahili chao kina ladha nyengine. Hata hivyo mtoto wa Muscat hufurahi kama aliyekutana na binamu yake.

Kuingia katika nchi kwa viza ni kuingia kwa ahadi. Mafakihi wameeleza kuwa Muislamu aingiaye nchi ya wengine kwa amani waliyompa haimjuzu kuwafanyia khiyana katika mali zao wala nafsi zao, kwani amani hiyo ni ya pande mbili: wao wamemsalimisha, nao wamesalimika naye. Mafakihi wa zamani walizungumza juu ya neno la amani analopewa mgeni mpakani. Leo neno hilo limechapwa na kubandikwa ndani ya pasipoti. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 amekubali kusoma masomo kamili, na akifanya kazi ndani ya chuo isizidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Mke aliyemfuata kwa viza ya F-2 hakuruhusiwa kufanya kazi ya malipo, ama watoto wao wanaruhusiwa kusoma skuli. Basi mama anayewalea watoto wa majirani kwa fedha za mkononi pengine huona kuwa hilo ni tete moja tu, na kuwa maisha ni ghali. Ghali ni kweli. Lakini mtoto wake amesikia akiambiwa: "Ukiulizwa, mwanangu, sema hawa ni jamaa zetu." Fedha zile zitakwisha baada ya mwezi, na maneno yale hayatakwisha.

Mtihani mkubwa zaidi uko penye mlango wa skuli. Texas imegawanywa katika wilaya za elimu, kila wilaya ina mipaka yake, na aghlabu ndani ya wilaya kila skuli ina mitaa yake. Wilaya za Katy, magharibi ya Houston, na Plano na Frisco, kaskazini ya Dallas, husifiwa na wazazi, na kwa ajili hiyo kupanga nyumba huko huwa na gharama. Hapo ndipo mzazi anapoazima anwani ya rafiki yake, akaandika katika fomu kuwa anaishi mahala asipoishi, na nia yake, kwa madai yake, ni kumtakia mtoto kheri.

Jambo hili lina hukumu ya nchi. Sheria ya elimu ya Texas inahesabu uongo katika fomu ya kumuandikisha mtoto kuwa ni kosa la jinai, na aliyefanya hivyo anaweza kudaiwa gharama za masomo ya muda wote ambao mtoto alisoma pasipo haki. Lakini lau sheria hiyo isingelikuwapo, bado lingebaki suala la tete. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo. Skuli zake hutegemea sana kodi ya majumba, ambayo mwenye nyumba huilipa kila mwaka, na mpangaji huilipa ndani ya kodi yake bila ya kuiona. Kiti ambacho mtoto amekikalia kwa anwani isiyo yake kimelipiwa na watu wa mtaa ule, na wao hawakuulizwa. Kisha kuna mtoto mwenyewe. Atafundishwa asiseme anakoishi. Hatamualika rafiki nyumbani. Atashushwa gari penye kona, na mwalimu akimuuliza jina la barabara yao, itabidi akumbuke la uongo kabla ya la kweli. Mtoto huyo ana miaka 7, na huo ndio umri ule ule ambao baba ameamrishwa kumuamrisha sala. Asubuhi anafundishwa kusimama mbele ya Mola wake, na saa moja baadaye anafundishwa kumdanganya mwalimu wake, na wote wawili amewapata kwa mkono mmoja.

Na njia iliyo safi mara nyingi ipo. Baadhi ya wilaya hupokea watoto wa nje ya mipaka yao kwa maombi rasmi. Inataka kuulizwa tu, na kuwa radhi na jawabu ikiwa ni hapana.

Mfano mwengine ni mdogo lakini unarudiwa kila mwaka. Sheria ya Texas inailazimisha skuli imruhusu mwanafunzi asihudhurie siku tukufu za dini yake, na hata siku za safari ikiwa amesafiri kwa ajili ya ibada hiyo, na apewe muda wa kuzifanya kazi zilizompita. Mzazi hana haja ya zaidi ya barua fupi, aitume kabla. Juu ya hayo wako wanaopiga simu asubuhi ya Idi na kusema kuwa mtoto ana homa. Idi ikawa ugonjwa! Kesho yake binti anarejea darasani na hina mikononi, na mwalimu wake kwa upole anamuuliza kama amepoa. Mlango wa ukweli ulikuwa wazi, na mzazi akampitisha mwanawe dirishani. Na skuli ambayo kila mwaka huambiwa "homa" haitajua kamwe kuwa ina wanafunzi wanaosherehekea Idi, wala haitakuwa na sababu ya kuacha kupanga mitihani yake siku hiyo.

Kisha kuna kiapo cha asubuhi. Tangu 2003 sheria ya Texas inazitaka skuli za serikali kila siku wanafunzi wake watamke kiapo cha utii kwa bendera ya Marekani na kile cha bendera ya Texas, na baada yake kuwe na dakika moja ya kimya. Mzazi akiandika kumuombea mtoto wake asamehewe viapo hivyo, husamehewa. Na tokea 1943 Mahakama Kuu ya Marekani ilikwishaamua kuwa mtoto halazimishwi kutamka kiapo hicho. Wazazi wa kigeni huangukia makosa ya namna mbili. Mmoja humwambia mtoto: "Tikisa midomo tu, nani atajua?" Mwengine humfundisha kucheka na kudharau. Wa kwanza amemfundisha kuwa kiapo ni pumzi, na wa pili amemfundisha kumvunjia heshima mwenyeji ndani ya nyumba yake. Mtoto wa wageni, ambaye si raia na atarejea kwao, afaa asimame kwa adabu na anyamaze, na barua ya mzazi iwe imeshapelekwa. Mtoto aliye raia ana hali nyengine, kwani maneno yale yanahusu nchi yake. Huyo aeleweshwe neno baada ya neno kabla hajayatamka, na linalohusu hukumu ya dini waulizwe wanachuoni, wala lisiamuliwe barazani. Ama dakika ya kimya, sheria yenyewe imemwachia mwanafunzi atafakari, aombe, au afanye jambo jengine lolote la kimya lisilowasumbua wenzake. Dakika moja inatosha kuisoma Fatiha kwa utulivu.

Si mara ya kwanza kwa watoto wa Kiislamu kulelewa chini ya mtawala asiyekuwa wao. Katika mwaka wa 5 wa Utume, yapata 615 kwa tarehe ya Kizungu, kundi la Masahaba lilivuka bahari kwenda Habasha, na baadhi yao hawakurejea mpaka mwaka wa 7 wa Hijra. Watoto walizaliwa huko, na miongoni mwao ni Abdullah bin Jaafar bin Abi Talib, ambaye mama yake ni Asmaa binti Umays. Imepokewa kutoka kwa Ummu Salama, aliyekuwa miongoni mwao, kuwa adui alipomwinukia Najashi kumpokonya ufalme, Waislamu walihuzunika huzuni kubwa, wakamuomba Mwenyezi Mungu amnusuru Najashi, na Zubayr bin Awwam, ambaye alikuwa kijana kuliko wote, akavuka mto kwa kiriba kilichotiwa upepo ili awaletee khabari ya vita. Watoto wa Habasha waliyaona hayo. Waliona wazazi wao wakishikilia dini yao mbele ya mfalme bila ya kuficha neno, na wakiutakia kheri ufalme wake bila ya kulazimishwa.

Texas nayo ilipata siku zake za mtihani. Tarehe 28 Januari 2017 msikiti wa mji mdogo wa Victoria, kusini-magharibi ya Houston, ulichomwa moto. Mayahudi wa mji huo waliwapa Waislamu ufunguo wa sinagogi lao wapate mahala pa kusali, na michango ya watu wa dini mbali mbali ikapita dola milioni moja. Mtu aliyeuchoma alihukumiwa mwaka uliofuata kifungo cha zaidi ya miaka 24. Mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule wa 2017 ikaja tufani ya Harvey, na mvua ya zaidi ya mita moja ikazishukia sehemu za Houston kwa siku chache. Misikiti kadhaa iliyo chini ya Islamic Society of Greater Houston ilifungua milango yake kwa waliohamishwa na maji, wa kila dini. Idi Kubwa iliangukia 1 Septemba, na nyumba nyingi zilikuwa bado zinatolewa matope. Serikali ya Qatar ilitoa dola milioni 30 kwa ajili ya kuijenga upya miji iliyoharibika. Hayo ni ya serikali. Mtoto hukumbuka zaidi ile asubuhi ambayo baba yake alimpa glavu na kumwambia waende wakamsaidie mzee wa nyumba ya pili kutoa zulia lililooza.

Haifai pia kuwaficha watoto kuwa ubaya upo. Septemba 2015 mvulana wa miaka 14 wa Irving, mwenye asili ya Sudan, alipeleka skuli saa aliyoiunganisha mwenyewe. Ikadhaniwa kuwa ni bomu la bandia, akatiwa pingu na kupelekwa kituo cha polisi. Hakushitakiwa, na Rais Obama akamualika Ikulu, lakini haukupita muda mrefu familia yake ikahamia Qatar. Khabari hii husimuliwa sana katika nyumba za Ghuba, na husimuliwa kwa njia ya kuwatia watoto hofu. Bora isimuliwe yote, pamoja na Ikulu na pingu. Mtoto afundishwe kuwa akidhulumiwa aseme wazi, aombe mzazi wake aitwe, asijibu kwa matusi, na asione haya kwa jina lake wala kwa akili yake ya kuunda vitu.

Ndani ya msikiti nako mtoto wa Kiibadhi ana lake la kujifunza. Anasali Richardson au Houston pamoja na Waislamu wa kila taifa, anaona wenzake wamefunga mikono vifuani ilhali baba yake ameiteremsha, anasikia "Amin" kwa sauti, kisha njiani anauliza: "Baba, nani kakosea?" Jibu la baba hapo litamfuata mpaka uzeeni. Akiwakejeli wenzake, amemfundisha kuwa kutofautiana ni uadui. Akijibabaisha, amemfundisha kuwa madhehebu yake ni jambo la kufichwa. Jibu la wazee waliotangulia lilikuwa jepesi: hivi ndivyo ilivyopokewa kwao, na vile ndivyo ilivyopokewa kwa wenzao, na sala nyuma yao inasihi. Ama kusoma hasa ni nyumbani. Sheikh Nuru-d-Din as-Salimi, aliyefariki 1914, aliandika *Talqin as-Sibyan* kwa ajili ya watoto, na kurasa chache kila juma, zikifasiriwa kwa Kiswahili na baba au mama, zinamuwezesha mtoto kujibu kwa utulivu bila ya kugombana na mtu.

Anayejua alivyo hahitaji kujificha. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, alipata uraia wa Marekani 1993 na akaiongoza Houston kuchukua ubingwa wa mpira wa kikapu 1994 na 1995. Februari 1995 ilikuwa Ramadhani. Alicheza huku amefunga, na akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi huo. Watu wa Houston hawakumpenda kwa kuwa aliiacha dini yake. Benki kongwe ya 1928 aliyoinunua katikati ya mji imekuwa kituo cha Kiislamu tangu 2002.

Limebaki la vijana wanaofikia miaka 18. Wako waliozaliwa Texas wazazi wao wakiwa masomoni, na wakawa raia kwa kuzaliwa kwa mujibu wa Marekebisho ya 14 ya katiba, ya 1868. Januari 2025 Rais alitoa amri ya kuwazuilia uraia huo watoto wa wenye viza za muda watakaozaliwa baadaye, na amri hiyo ikapelekwa mahakamani. Kwa hivyo mzazi asitegemee aliyoyasikia kwa rafiki. Uraia huo si pasipoti tu. Raia wa Marekani hufungamana na sheria ya kodi ya nchi hiyo hata akiishi Sur au Salalah, na akikaa Marekani anaweza kuitwa katika jopo la raia wanaosikiliza kesi. Nayo sheria ya Oman haikubali uraia wa nchi mbili ila kwa idhini. Kijana aambiwe haya mapema, kwa karatasi zenyewe, asije akayagundua uwanja wa ndege.

Katika skuli za sekondari za Texas, fomu za kujiandikisha kupiga kura hugaiwa na skuli yenyewe, na anayetaka kupiga kura sharti awe ameandikwa siku 30 kabla ya uchaguzi. Aliye raia na aijaze, na baba akae naye wasome pamoja nani anagombea bodi ya elimu. Asiyekuwa raia asitie saini yake, hata ikiwa darasa zima limetia, hata ikiwa aliyempa fomu ni mwalimu anayempenda. Kuna kijisanduku cha kuthibitisha uraia, na alama moja ya kalamu hapo, iliyotiwa kwa haraka, inaweza kumfikisha mgeni mahakamani na hata kumtoa nchini.

Na siku ya kurejea inapofika, mtihani ni ule ule. Gari linauzwa, masanduku yanafungwa, na juu ya meza kuna bahasha mbili za barabara za kulipia ambazo hakuna atakayezifuata mpaka Muscat. Baba mmoja husema ziachwe. Mwengine humwita mwanawe, akamkalisha karibu, wakazilipa zote mbili kwa kompyuta, kisha wakaenda kwa miguu mpaka maktaba ya mtaa kurejesha vitabu vitatu, kimoja kikiwa na ukurasa uliochanika. Na mtoto mwenyewe ndiye aliyetangulia penye meza, akamwonesha mkutubi ukurasa ule kabla ya kuulizwa.